Kopo la Magadi

Nilipomaliza chuo nilirudi Kirua Vunjo kwa bibi yangu kusubiri kazi. Kitu nilichokikumbuka zaidi nikiwa mbali kilikuwa kiburu chake: ndizi na maharage vilivyopikwa hadi vikapondeka, na ile ladha ya magadi inayobaki mdomoni hata baada ya maji. Utotoni nilikila nikiwa kwenye kigoda karibu na zizi, ng'ombe akitafuna majani nyuma yangu, na sikuwaza lolote.

Sasa Bibi alikuwa na presha. Babu tulimpoteza kwa kiharusi, kwa hiyo mimi, ambaye hata ujumbe wa simu nausoma mara nne kabla ya kuutuma, nilijipa kazi ya kumlinda. Nilishuka Moshi mjini nikanunua mashine ya kupimia. Nilimpima asubuhi, nikarudia nikidhani nimekosea, kisha nikahamia mkono wa pili.

"Wewe msomi," alisema, "mashine itachoka kabla yangu."

Dawa alimeza kila siku. Nesi wa zahanati alisema tupunguze chumvi; mimi nikaiondoa kabisa, na kazi ya kupika nikaichukua mimi. Bado namba ya juu ilibaki mia na sitini na kitu. Nilianza kumchunguza anavyoshika kikombe, nikiogopa kuona mkono umelegea.

Tukaenda zahanati. Nesi alimpa shikamoo, akamkalisha, miguu chini, mkono mezani, akatukataza kuongea kwa dakika tano. Alipopima, bado ilikuwa juu.

"Mbona sisikii chochote, mwanangu?" Bibi akauliza.

"Ndiyo maana tunapima, Bibi. Ukingoja hadi kichwa kikuume utachelewa. Chumvi je?"

"Huyu polisi wangu ameificha."

"Na mnakula nini?"

"Kiburu."

"Maharage mnayalainisha na nini?"

Bibi akanigeukia. "Mpishi huyo hapo."

"Magadi," nikasema. "Kidogo."

"Kidogo? Mae! Tangu chumvi itoke anatia kama analisha ng'ombe!"

Nesi alicheka hadi akaweka kalamu chini. "Hata mama yangu alinibishia kuhusu magadi. Yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Yaacheni, dawa ziendelee, mrudi baada ya mwezi."

Njia nzima ya kurudi nilitembea nikitazama chini. Chakula kisicho na chumvi hakikuwa na ladha ya utotoni, nami nilikuwa nimeitafuta kwenye kopo la magadi, kijiko baada ya kijiko, ndani ya sahani ya Bibi.

"Hebu acha kununa," aliniambia tulipofika kwenye migomba yake. "Mimi magadi nimeyala miaka yote hiyo. Utajilaumu mpaka lini?"

Nikaanza kuloweka maharage tangu jioni na kuyachemsha kwa kuni hadi mchana. Bibi alionja, akakunja uso.

"Kiburu cha wageni hiki." Lakini alimaliza bakuli.

Mwezi ulipoisha nesi alisoma mia na arobaini na mbili, akasema tusilegeze. Nyumbani sasa nampima mara mbili tu kwa siku, akiwa amepumzika.

Kopo bado liko rafuni pale pale. Nikipika, mkono wangu hulifuata wenyewe. Nikilifungua nakuta mbegu za maboga. Bibi alizitia humo bila kuniambia.