Pampu Ilikuwa Moja, na Nekesa ni Wangu

Leo mtoto nilizaa mwenyewe ameniambia nikae nisubiri kama mtu baki.

Mnajua Nekesa wangu ni fundi wa trekta Kitale, kwa duka la mashini za shamba. Mafundi wenzake wawili waliacha kazi, amebaki peke yake.

Trekta yetu imelala wiki tatu ikingoja pampu ya kuinua plau. Mvua nayo iko karibu.

Lakini mimi nilizunguka Kabuchai yote nikisema, "Sina shida, mtoto wangu ako ndani."

Asubuhi nikapikia meneja wao kuku, nikambeba mpaka dukani.

Kumbe pampu imekuja moja tu. Na kwa benchi ameketi Baba Simiyu, jirani yule yule nilimringia Jumapili.

Nekesa akampatia yeye. Mbele yangu.

Nikamuuliza, "Nekesa, mimi ni nani?"

"Wewe ni mama yangu. Lakini huyu mzee aliandikisha siku mbili mbele yako. Keti, Mama, nimfungie."

Baba Simiyu akasema polepole, "Si mtoto wako ako ndani, bana."

Niliketi.

Nikamwangalia Nekesa akifunga hiyo pampu kwa trekta ya mzee, grisi mpaka kwa viwiko. Wateja walikuwa wengi na hakuna hata mmoja alinung'unika.

Nikafungua kuku. Firigisi, ile kwetu hupewa mwenye boma, nikamwekea Nekesa.

Meneja nimempa shingo.

Kuna mtu anaona nimekosea?