Meza Iliyonyamaza

Mika hakuwa fundi wa redio. Alikuwa seremala, na pale Lyamkena, pembeni mwa Makambako, watu walimjua kwa madawati ya shule na milango isiyogoma wakati wa masika. Redio ilimjia kwa njia ya makasha. Mwaka 1955 Mzungu mmoja wa mashamba ya miwati, miti ambayo magome yake hulainishia ngozi, upande wa Njombe, alikuwa anarudi kwao Ulaya, akamwita amtengenezee makasha ya kufungia vyombo. Kazi ilipokwisha, yule bwana aliitazama redio yake kuukuu ya betri, yenye spika ndani ya kisanduku cha peke yake, akasema haifai kusafirishwa mbali namna ile. Akamwachia. Mika akapanda nayo lori, akaipakata juu ya magoti njia nzima kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Njiani alikuwa anamwaza mkewe, wala hakujua kama anampelekea furaha au kidonda.

Dorika alikuwa mwimbaji. Tangu usichana, kwaya ya kanisani ilipoanza wimbo, wenzake walimsubiri yeye atoe sauti kwanza ndipo wamfuate. Kisha ikamjia homa kali, akameza kwinini nyingi, na alipoinuka kitandani masikio yalikuwa yamebaki na mvumo tu, kama wa upepo kwenye mianzi. Mvumo nao ukaisha baadaye. Akajifunza kusoma midomo ya watu. Akaacha kwaya bila kumuaga mtu, na alipoulizwa alijibu kwa sauti ndogo kwamba siku hizi ana kazi nyingi shambani.

Aliposhushiwa redio mezani, aliizunguka, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga.

“Watu watakuja kusikiliza,” alisema. “Itabidi tupike viazi vya kutosha.”

Wakaja kweli. Kila Jumapili baada ya ibada chumba kilijaa. Alikuja Getruda, jirani yao, aliyeimba na Dorika tangu wakiwa wasichana. Alikuja Lukas, fundi wa magari pale njia panda, na wengine waliokaa hadi mlangoni wakiwa wamejifunika mablanketi, maana baridi ya Julai huko haina huruma. Dorika aliketi pembeni mwa meza, viganja vyake vimelala juu ya ubao, kichwa kimeinama kidogo. Mika alidhani ni uchovu, au ni adabu ya mwenye nyumba asiyetaka kuwaacha wageni peke yao.

Tabu ilikuwa sauti yenyewe. Spika ilipokolea, meza nzima ilitetemeka pamoja nayo. Vikombe vya bati vikagongana kabatini, na maneno yakatoka mazito, yamevimba, kama mtu anayeongea akiwa ameingiza kichwa mtungini.

“Huyu bwana anasema bei ya mahindi imepanda au imeshuka?” Lukas aliuliza siku moja.

“Anasema kitu kuhusu mahindi,” Getruda akajibu, watu wakacheka.

Mika hakucheka. Mbao ni kazi yake, na mbao zilikuwa zinamwaibisha mbele za watu. Jumatatu alianza. Kwanza alikunja blanketi akaliweka chini ya spika. Mvumo ukapungua kidogo, lakini haukwisha. Akajaza mchanga kwenye kisanduku kifupi, akaweka spika juu yake. Ikawa afadhali, ila miguu ya meza bado ilikuwa inanguruma ukiishika. Ndipo alipomwendea Lukas, akaomba tyubu za magari zilizochoka.

“Unataka kutengeneza gari?” Lukas alimuuliza.

“Nataka kitu kinachokaa juu ya kingine bila kukigusa.”

Alitengeneza stendi ya mninga, fremu nzito ya miguu minne, akaijaza mchanga kwenye matundu ya miguu ili itulie. Katikati ya fremu hakupigilia ubao. Alikata mikanda ya tyubu, akaifunga huku na huku, kisha akaulaza ubao juu ya mikanda ile, ukaning'inia kama mtoto ndani ya mbeleko. Spika ikakaa hapo. Stendi ikawekwa juu ya meza.

Jumapili iliyofuata msomaji wa habari aliongea kana kwamba ameketi nao wakila viazi. Vikombe vilinyamaza. Mzee mmoja alisimama, akapitisha mkono chini ya ubao kuhakikisha kwamba kweli unaning'inia. Mika alijisikia vizuri moyoni kama hajawahi.

Kisha zikaanza nyimbo za kwaya, na Dorika akainuka, akatoka nje kwenda jikoni.

Jumapili nyingine hakuketi kabisa. Alipukuchua mahindi uani. Iliyofuata akasema anakwenda kumtazama mama mmoja mjamzito, na mjamzito huyo alikuwa amekwisha kujifungua. Mika aliyaona hayo yote. Alijiambia amekosa akili: ameleta nyumbani karamu ambayo mkewe hawezi kuionja, kisha akaualika mtaa mzima uje kula mbele yake.

Asubuhi moja alimfuata uani, akachuchumaa mbele yake ili Dorika aione midomo yake.

“Mama Esteria, redio nataka kuipeleka kanisani Makambako.”

Esteria alikuwa binti yao, ameolewa Mawengi.

“Kwa nini?”

“Inakuumiza.”

Dorika aliweka gunzi chini.

“Baba Esteria, haikuwa inaniumiza. Nilikuwa naisikia.”

Mika hakuelewa. Dorika alimshika mkono, akamwongoza hadi ndani, akalaza kiganja cha mumewe juu ya meza na chake pembeni.

“Hapa,” alisema. “Sauti za wanaume zilikuwa zinakuja hadi kwenye kiwiko. Za wanawake zinawasha vidole tu. Wimbo ninaoujua nilikuwa naufuata mpaka mwisho. Sasa meza imenyamaza. Nilidhani umechoka na kelele zake, sikutaka kukuharibia kazi.”

Mika aliinamisha uso. Alipokumbuka kwamba akiinama mkewe hawezi kumsoma, aliuinua tena.

“Ungeniambia.”

“Ulikuwa na furaha sana.”

Alitaka kuitoa stendi papo hapo. Dorika akakataa: watu wamezoea kusikia vizuri, waachwe wasikie. Basi Mika akarudi kwenye karakana kutafuta njia ya kumpa mmoja bila kuwanyang'anya wengine. Alichonga kiti chenye mikono mipana, na mikono ile akaifanya masanduku matupu ya mbao nyembamba. Kutoka nyuma ya kisanduku cha spika akatoa ufito mmoja mkavu wa mti mgumu, ukapita juu ya mikanda ya tyubu bila kuigusa, ukaishia kwenye mkono wa kiti. Mara ya kwanza Dorika aliketi, akatikisa kichwa. Mbao zilikuwa nene. Mika akazipiga randa mpaka zikakaribia kutoboka. Dorika akaketi tena, akalaza viganja, na macho yakamjaa machozi kabla hajasema neno.

“Inakuja?” Mika aliuliza.

“Inakuja. Huyu anayeongea ana mafua.”

Jumapili watu walipokuja waliukuta ufito, wakauzunguka kwa uangalifu bila kuuliza. Nyimbo zilipoanza, Dorika alikuwa amefumba macho. Katikati ya ubeti akaanza kuimba. Sauti ilikuwa imepauka kwa kukaa bila kazi, na ilikuwa chini kidogo ya ile ya redioni. Watu wakatazamana. Getruda akasogea, akaketi sakafuni karibu na kiti, akaanza kuimba palepale alipokuwa Dorika, si ilipokuwa redio. Dorika hakujua. Mika alijua, akageukia dirishani na kukaa hivyo mpaka wimbo ulipokwisha.

Ni Getruda aliyemrudisha kwenye kwaya. Kanisa lao lilikuwa na kinanda cha kukanyaga, kimewekwa juu ya jukwaa la mbao, na mwalimu wa kwaya alimpa Dorika nafasi juu ya jukwaa hilo, ubavuni mwa kinanda. Kabla ya wimbo Dorika alivua viatu, akavipanga pembeni, akakanyaga ubao kwa nyayo tupu. Mara nyingine aliachana na sauti za wenzake, na wenzake wakamfuata. Mika, aliyekuwa akikaa benchi la nyuma siku zote, alihamia la mbele. Mwalimu alipomuuliza kama anaweza kuiwekea mpira ile sakafu ya jukwaa, isitetemeke hivyo, alijibu kwamba sakafu ni nzima, iachwe.