Niliwacheka Waingereza, Nikapata Kura Nne

Nyie vijana mtakaosoma haya kwenye simu zenu, msinionee huruma. Kosa nimelifanya mwenyewe, kwa mdomo wangu, na akili zangu timamu. Niacheni niseme.

Mimi ni bibi wa Kitanzania, nakaa Greyville hapa Durban. Shule niliishia darasa la tatu. Lakini miaka kumi na miwili nilikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana, kina mama wa Kitanzania na Kikongo. Nani angenigusa?

Siku moja runinga ikaonyesha Waingereza wamekiangusha chama kilichowatawala miaka na miaka. Nilicheka mpaka nikakohoa. Wazee wazima, tai shingoni, wanafungasha wahame!

Mjukuu wangu Rehema, mtoto wa mwanangu mkubwa, anayesoma siasa chuoni Westville, akaniuliza, "Bibi, unajua kwa nini wameanguka?"

"Wamelogwa na wapinzani."

"Wala! Wapinzani wenyewe hawapendwi kihivyo. Watu wamechoka tu. Daktari wanamngoja miezi, bei zinapanda, wakubwa wanagombana na kunyang'anyana kiti. Sheria wanatunga, halafu wanazivunja wenyewe. Wakiambiwa, hawasikii."

"Wapumbavu hao," nikasema nikicheka. "Unakaaje na watu usijue wamekuchoka?"

Mkwe wangu Zaituni, mke wa mwanangu dereva wa lori, akainamia sahani yake. Nikadhani naye anawacheka Waingereza!

Mwezi uleule tukawa na uchaguzi wetu. Siku zote tulinyoosha mikono, nami nimesimama mbele nawakodolea macho mmoja mmoja. Nani angethubutu kuushusha mkono wake? Safari hii Mama Furaha, Mkongo muuza vitenge, akakitaka kiti. Nikasema huyu nimwaibishe sawasawa. "Tupige kura za siri," nikatangaza, "kama Uingereza!"

Eish! Kura nne. Na wa nyumbani kwangu peke yetu tulikuwa sita!

Mama Furaha akanishika mkono. "Mama, hakuna mtu anakuchukia. Iko kuchoka tu. Tukichelewa sisi, unatuoshesha masufuria. Ukichelewa wewe, tunakungojea. Na ile pilau yako ya msibani, mama, haina chumvi. Miaka yote."

Ukumbi mzima ukajifunika khanga mdomoni. Mabega yakawa yanatikisika.

Ningeishia hapo, ingekuwa aibu ya siku moja. Lakini nilirudi nyumbani kutafuta msaliti! Nikamsimamisha Zaituni jikoni, maana ndiye pekee aliyewahi kuninong'oneza, "Mama, chumvi haijakolea." Nikamwita nyoka. Nikamwambia anayekula kwangu na kumpa kura Mkongo, akalale kwa huyo Mkongo.

Alikunja nguo zake na za watoto, mwanangu akawahamishia Clairwood, karibu na malori yake.

Kesho yake Rehema akasimama mlangoni. "Bibi, kura moja aliyopata Mama Furaha ni yangu. Nyingine ya shangazi, binti yako. Zaituni alikupigia wewe."

"Sasa mbona hukuniambia kama umenichoka?"

"Nilikwambia. Siku ile ya Waingereza. Ukacheka."

Nilienda Clairwood, mimi mwenye mvi hizi, kumwomba mkwe msamaha. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai. Akasema, "Nimekusamehe, mama. Lakini huku napumua." Wajukuu wakanipungia mkono kutoka dirishani. Hawakurudi nami.

Wale Waingereza niliowacheka, angalau wanaweza kurudishwa baada ya miaka michache. Mimi nyumba yangu imenyamaza.

Vijana, mkipewa hata kiti cha plastiki cha kikundi, msiuone ukimya wa watu mkadhani ni mapenzi. Mkubwa anasifiwa usoni kwa adabu. Karatasi haina adabu! Na mkishaanguka, msimsake aliyewasukuma. Kaeni chini muulize mlikosea wapi, kabla hamjamfukuza aliyekuwa upande wenu.

Niliporudi kutoka Clairwood niliinjika sufuria, nikawaita Rehema na shangazi yake na wote waliobaki. Nikawaambia: kuanzia leo, chakula changu kikikosa chumvi semeni nikiwa bado nimeshika mwiko. Atakayenyamaza, sufuria ataosha yeye.