Siku Wimbo Wangu Ulipomsindikiza Mtu Chooni

Mnaniuliza kwa nini sipiti tena Mkunazini nikienda sokoni, nnazunguka njia ndefu mpaka jua linanichoma utosi. Basi leo nitawaambieni, na atakayecheka kabla sijamaliza ainuke aende zake, maana nshachekwa vya kutosha. Kuona haya nnaona, sikatai. Lakini kuliko haya nna hasira, tena hasira khasa, na sijamwona bado wa kunishawishi kwamba sina haki nayo.

Wimbo wangu mnaujua, hakuna asiyeujua hapa mjini. Nliutunga ningali msichana, wakati marehemu baba alipomkataa Haji mara ya kwanza, akamkataa mara ya pili, na Haji (huyu huyu mume wangu, mwalimu wa hesabu, mtu asiyevua kofia hata akiwa na homa) akaja mara ya tatu akasimama nje ya mlango wetu Malindi tangu alasiri mpaka inakaribia magharibi, hakupiga kelele wala hakuondoka, mpaka baba akachoka mwenyewe akamfungulia. Mimi niko juu dirishani nnamchungulia, machozi yananitoka. Ndipo nikatunga, kama vile ni yeye anayesema: "Fungua mlango, muhibu, subira imenishinda, kila kiungo mwilini kinatetemeka." Maneno mazito hayo, jamani. Wimbo umepigwa redioni, umeimbwa harusi ngapi sijui, watu wamechumbiana kwa wimbo ule, na nyinyi wengine mmo humo humo, msijifanye.

Sasa yule Nassor, mtoto wa jirani yangu Bi Rukia, alikwenda Bara kusoma mambo ya senema, akarudi na kamera. Siku moja akaja kwangu, mie niko jikoni nakaanga sambusa, mafuta yanaruka, jicho moja liko kwenye karai na jengine kwake.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Sogea huko usiungue."

"Nnatengeneza senema, Bi Zuwena, na nnataka niutie wimbo wako. Pana kipande cha mtu kasimama nje ya mlango, anasubiri afunguliwe, roho inamwenda mbio, ukimwona utamhurumia."

Basi mie pale pale nikamwona Haji wangu, kijana, kanzu nyeupe, kasimama Malindi. Nikamwambia chukua, mwanangu, chukua, nimekupa kwa moyo mweupe. Sikuuliza kitu. (Hapo ndipo nlipojichimbia shimo. Swali moja tu la maneno matatu, "mlango wa nini?", lingeniokoa, lakini sambusa zilikuwa zinaungua.)

Tena ningenyamaza ingekuwa afadhali. Sikunyamaza. Nikaitangaza senema ile kuliko mwenye senema, nikashonesha sare za zambarau kwa wanawake wanane wa nyumba yetu, na kana kwamba hayo hayatoshi nikampigia simu wifi yangu, Bi Mosi, dada yake Haji, anayekaa Kiembe Samaki. Bi Mosi ni mtu wa msimamo, na tangu nilipoolewa hajapata kunitaja kwa jina langu. Akimuuliza Haji habari zangu husema, "Yule mwimbaji wako hajambo?" Nikaona leo ndiyo siku ya kumfunga mdomo.

"Wifi," nikamwambia, "njoo uone kaka yako anavyotukuzwa."

"Nitakuja," akasema. "Tuone."

Senema ilionyeshwa alasiri katika ukumbi mmoja Mji Mkongwe, watu wamejaa mpaka wengine wamesimama ukutani, wenyeji na wageni, na sisi wenye sare tumejipanga safu ya mbele kama tunapokea rais. Haji kulia kwangu, Bi Mosi kushoto. Tukatazama weee, mara fidla ikalia. Fidla ya wimbo wangu! Sijui shetani gani alinisukuma, nikainuka, nikawageukia watu, mkono kifuani, nikaanza kuinamisha kichwa kushukuru. Picha iko nyuma yangu, naisikia sauti yangu tu. Na watu wakaanza kucheka.

Nikadhani ni furaha. Wengine wakapiga vigelegele, nami nikawapungia mkono, nikainama tena. Wakazidi. Pale pale dada yangu, mmoja wa wale wenye sare, ananifanyia ishara ya kidole, geuka, geuka, na mimi (Mungu nisamehe ujinga wangu) nikafahamu anataka watu waione gauni kwa nyuma, basi nikageuka taratibu kama bibi harusi.

Nilichokiona sitakisahau. Jitu zima limevimba tumbo, tumbo lenyewe limemchafuka, kalishika kwa mikono miwili anakimbia vichochoroni, kila mlango anaougonga haufunguki, sasa kasimama mbele ya mlango wa choo cha hoteli, magoti kayabana, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, anaukuna mlango kwa kucha, na sauti yangu, sauti yangu mimi Zuwena, inamwimbia: "Fungua mlango, muhibu, subira imenishinda, kila kiungo mwilini kinatetemeka!"

Sikumbuki nlifikaje jukwaani. Nakumbuka tu nimeshika maikrofoni na nnapiga kelele wazime, nao wakazima, na Nassor kasimama pembeni macho yamemtoka.

"Nassor! Hukuniambia mtu anasubiri mlangoni?"

"Si ndiye huyo, Bi Zuwena?"

"Hukusema roho inamwenda mbio?"

"Kwani haimwendi?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Na hapa ndipo niliposema neno ambalo kama lingekuwa kitu cha kumeza ningelimeza na maikrofoni yake. Mpaka dakika ile, wageni na vijana wengi mle ndani hawakuwa wanajua asili ya wimbo. Mie nikawajuvya. Nikanyoosha kidole, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka Forodhani:

"Wimbo huu una mwenyewe! Huyo aliyesimama mlangoni ni mume wangu, Mwalimu Haji, yule pale, mbele!"

Watu mia wakamgeukia Haji. Haji akavua kofia, akajifunika nayo uso.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, mie nyuma yeye mbele. Tulipofika mlangoni akaniita.

"Zuwena."

"Naam."

"Ilikuwa lazima unionyeshe kwa kidole?"

Hakusema jengine siku tatu. Na ilikuwa haki yake, maana wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye watoto, wakimkuta barazani Mkunazini wanamuuliza kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu. Umefunguliwa?" Nikenda harusini Kiwengwa, bibi harusi mwenyewe akaniomba niimbe, sijamaliza mstari wa kwanza wanawake wote wanashika matumbo na kubana magoti, na bibi harusi kabana na yake! Wimbo wa mapenzi, jamani. Miaka yote hiyo ulikuwa wa mapenzi, dakika mbili tu za senema zikaufanya wa kuharisha. Nani kawapa watu hawa ruhusa hiyo? (Mimi, najua. Nyamazeni.)

Lakini linaloniuma zaidi ni Bi Mosi. Siku ile alicheka mpaka wakamtoa nje kwa kumshika makwapa, mtu ambaye sijapata kuyaona meno yake ya nyuma. Na tangu hapo kila Ijumaa anakuja kwangu, anakaa jikoni, ananiita Zuwena, ananiambia nimsimulie tena nlivyogeuka na gauni. Nimempikia biriani na mikate ya kumimina miaka nenda miaka rudi, nimemshikia mikoba hospitali, nimemwamkia shikamoo zote, hakunikubali. Kaja kunikubali kwa choo!

Nassor aliletwa na mama yake kuomba radhi. Kainamisha kichwa, akasema, "Bi Zuwena, ukitaka niutoe wimbo wako nitautoa leo leo. Ila nakuomba uitazame senema mara moja, peke yako, umekaa." Akaniwekea senema kwenye simu yangu, akaenda.

Nimeapa, na nyinyi ni mashahidi. Atakayeutaka wimbo wangu wowote, awe wa senema, awe wa tangazo, awe wa nini, aniwekee picha nzima mbele yangu tangu mwanzo mpaka mwisho, nimevaa miwani, hakuna kitu jikoni, na Haji yuko pembeni. Na siku nikialikwa kutazama nitakaa kitako hata wakinitaja jina mara kumi.

Lakini ile simu niliifungua. Haji yuko msikitini, nikajifungia chumbani, nikatazama. Na yule bwana kumbe anaigiza kwa kweli, wallahi, macho yake unaona mtu aliyebaki na tamaa moja tu duniani, na pale sauti yangu inapopanda juu kabisa, pale pagumu ambapo nlihangaika miezi kupafikia, ndipo mlango unapofunguka. Nikajikuta nimeshusha pumzi kwa nguvu, na mkono uko tumboni.

Nassor sijamwambia autoe. Na akiniuliza, nitamwambia bado nimekasirika.