Niliwahurumia Panya wa Kizimba cha Pili

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana aibu niliyoipata mbele ya maabara nzima hapa Bagamoyo hadi leo inanichoma masikio nikipita tu mlangoni pa chumba cha mikutano.

Mnanijua, siambiwi kitu nikakubali bila kubisha (mama anasema nilianza kabla ya kuota meno). Kazi yangu ilikuwa kulisha panya weupe wa utafiti wa Dada Zaituni, wote wenye uvimbe wa saratani. Wa kizimba cha kwanza, Zaituni alikuwa amewatia ndani ya uvimbe jeni ya kutengeneza saitokini, yaani protini inayoziita chembe za kinga zije kupigana. Wa kizimba cha pili hawakupewa kitu. Walikuwepo kwa kulinganisha tu. Matokeo ya ulinganisho huo ndiyo yaliyobaki ili ahitimu mwaka huu.

Basi mimi nikawaonea huruma hao wa pili. Nilikuwa nimerudi kutoka nyumbani Kiwangwa na mananasi, nikala moja huku wananitazama, na kwetu huwezi kula mwenzio akabaki anakodoa macho, nikawatupia maganda. Wakayashambulia! Kesho yake nikawapa tena, na tena, wiki mbili nzima, bila kuyaosha wala kumwambia mtu.

Siku ya kuwasilisha, Zaituni akaonyesha uvimbe umepungua kizimba cha kwanza, lakini, ajabu, na cha pili pia. Akazisoma tena namba zake, mara mbili. Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikanyoosha mkono.

"Kama wasio na jeni nao wamepata nafuu, hiyo jeni inafanya kazi gani hasa?"

Nikajiona msomi kwelikweli.

Daktari Salehe, mkuu wetu, akavua miwani. "Swali zuri, Hamisi. Hebu kilete hicho kizimba."

Nikakileta, tena mbio! Akakoroga kwa kalamu maranda wanayolalia, akaibua ganda, akalinusa.

"Hawa panya walialikwa harusi ya nani?"

Watu wakaangua kicheko.

"Nani anawalisha?"

"Mimi, Daktari. Niliwahurumia."

Daktari akaliinua lile ganda watu wote walione. Akaeleza kwamba tiba ile ni wito tu, na wito huitikiwa kulingana na hali ya kinga ya mwenye mwili. Huenda maganda machafu yalileta vijidudu, kinga ya wale panya ikaamka yenyewe, huenda sivyo. Sasa hakuna awezaye kujua. Kazi yote irudiwe.

Zaituni hakunitukana, na afadhali angenitukana. Nje akaniambia, "Mdogo wangu, unamhoji kila mtu. Wewe hukujihoji?"

"Nisamehe, dada."

"Nimeshakusamehe. Ila mama yangu nitamwambia nini? Yeye na shangazi zangu wameshashona sare ya mahafali."

Siku ya mahafali wenzake walivaa majoho, yeye alivaa koti la maabara, tukawa tunapima panya wapya. Simu ikalia, mama yake. Akamwitikia kwa sauti ya furaha, akamtuliza, akakata, akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Mshike vizuri huyo," akasema, "asije akatutoroka."

Nikamshika kama yai. Toka siku hiyo nimeapa: mkutanoni, swali langu la kwanza najiuliza mimi mwenyewe, tena kwa sauti, watu wasikie.