Kimondo Kilichompiga Shetani

Juzi, rafiki yangu, kimondo kilipita juu ya Kibaha. Nilikuwa uani naanua nguo, mara uwanja mzima ukawa mweupe, hata kamba ya nguo ikatoa kivuli ukutani. Binti yangu akatoka mbio na simu yake, keshachelewa. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Kapigwa!" Akaniuliza, "Nani, mama?" Nikamwambia aingie ndani.

Cha kwanza nilikiona Kisarawe kwa bibi, nikiwa mtoto wa kuchochea kuni. Magharibi ilikuwa imeshaswaliwa. Bibi yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, mihogo inatokota, na mama amelala mkekani barazani, amekonda hadi bangili zinamvuka. Aliugua tangu masika, na bibi hakuwa na shaka kwamba ni shetani. Hata hivyo mjomba alikuwa amembembeleza mpaka akakubali: kesho mama apelekwe hospitali kwa basi la alfajiri. Begi lilikuwa tayari mlangoni.

Ndipo mbingu ikawaka. Moto wa kijani ulitokea upande wa Pugu, ukapasuka juu ya mikorosho, ukafuata mngurumo, kuku wakapiga kelele bandani. Sisi tulifundishwa kwamba vimondo ni mawe ya malaika ya kumpigia shetani. Bibi akatupa kifuu, akapiga vigelegele. "Kapigwa! Kapigwa mlaanifu! Mwanangu, umepona!" Mama akacheka. Nakuapia alicheka, akaomba muhogo.

Sasa nani ampeleke hospitali mtu aliyekwisha kupona? Alfajiri basi lilipopiga honi njia panda, mjomba alikuwa anachinja jogoo wa sadaka kwa amri ya bibi. Tulikula ubwabwa wa nazi na watoto wa jirani, tukalamba vidole. Sijala tena chakula kitamu vile, na hilo ndilo linaloniuma.

Tulimzika mama kabla korosho hazijaanza kudondoka. Bibi hakulia mbele za watu. Aliacha tu kukaa uani jioni, akawa anapikia ndani kwenye moshi, mpaka naye akaenda. Husemwa siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kwetu ulikuwa mti mmoja tu, na tuliukumbatia kwa furaha.

Nyumba ile imeuzwa, mikorosho imekatwa, mjomba naye hayupo. Binti yangu alirudi kuniambia simu inasema ni jiwe tu, linajipitia, halina habari na mtu. Nikamwambia ni kweli. Aliyekuwa na habari na mama alikuwa dereva wa basi. Alipiga honi, akangoja, akapiga tena, akaondoka.