Benchi la Hospitali na Fundi Sweta

Fundi Sweta aliacha kusikia akiwa darasa la tatu, baada ya homa iliyomlaza mwezi mzima. Kusoma na kuandika alikuwa ameshajua. Alipokua akanunua mashine ya kufumia, akaiweka sebuleni, na nusu ya watoto wa mtaa wakawa wanakwenda shule na sweta zake. Katika ukoo mzima, aliyejihangaisha kujifunza lugha ya alama ni mdogo wake wa kike peke yake, msafishaji wa wodi katika hospitali ya karibu. Wengine walimpungia mikono kama wanafukuza kuku.

Mwanawe wa pekee alikuwa na miezi minane alipopandwa na homa. Fundi Sweta alifika hospitali kabla ya saa mbili asubuhi, akamwandikisha dirishani, akaketi. Mdogo wake siku hiyo hakuwa zamu. Nesi alitokea mlangoni, akafungua mdomo, mtu akanyanyuka, akaingia. Hivyo hivyo mpaka mchana. Benchi lilipobaki tupu, akampelekea nesi mtoto. Nesi akafunua daftari, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu: jina limeitwa mara tatu, limekatwa. Walipomwita daktari, mtoto alikuwa ameshakata roho.

"Ni mapenzi ya Mungu, mwanangu," mama yake alimwandikia kwenye karatasi.

Akaichana. "Kwani Mungu ndiye aliyeshika lile daftari?" alimuuliza mdogo wake kwa alama. Mdogo mtu hakumtafsiria mama.

Alichotaka ni ubao tu. Kila mgonjwa apewe namba, na namba iandikwe mahali inapoonekana. Akawakusanya viziwi wenzake kumi na mmoja, wakazunguka nyumba kwa nyumba kuomba saini, na baada ya miezi saba uongozi wa hospitali ukakubali kukutana nao. Mkalimani hawakuwa naye. Mdogo wake akavua aproni, akasimama kando ya meza.

Fundi Sweta alieleza yote, tangu dirishani mpaka kifo. Alipomaliza akawatazama wakubwa wale. Mganga mkuu alikuwa anatabasamu. Katibu akapiga makofi.

Nani hupigiwa makofi kwa kufiwa?

Akamgeukia mdogo wake. "Umewaambia nini?"

"Kwamba unaomba ubao. Na unawashukuru kwa huduma."

"Na mtoto?"

"Dada, hawa ndio wanaonipa kazi. Ubao utaupata. Ya nini kuwaudhi?"

Fundi Sweta akageuza karatasi ya ajenda, akaandika nyuma yake: "Sikuja kushukuru. Mwanangu amefia hapa kwa sababu mliniita kwa mdomo, na mimi ni kiziwi. Mfanyakazi wenu ameogopa kuwaambia." Akaisukuma mbele ya mganga mkuu. Karatasi ikazunguka meza nzima, na kila ilipopita, tabasamu likakauka.

Ubao ulitundikwa baada ya wiki tatu. Wiki hiyo hiyo mdogo wake akaambiwa asirudi tena kazini. Alikuja nyumbani, hakukaa hata kitini.

"Ya mtoto yangetosha," alisema kwa alama, vidole vikipigana. "Sentensi ya mwisho uliiandika ya nini?"

"Nilikuwa na uchungu."

"Nilimbeba mimi pia yule mtoto, dada. Haya, sasa mtafute wa kukusemea."

Ile sentensi Fundi Sweta mwenyewe alikuwa ameijutia kabla karatasi haijamrudia.

Manesi huandika namba asubuhi tu. Ikifika saa nne chaki "imeisha", wanarudi kuita kwa mdomo. Kwa hiyo kila Jumatatu Fundi Sweta hufunika mashine yake, akaenda kuketi benchi la mbele na wenzake wawili, chaki mkobani. Nesi mmoja humwita kiherehere. Neno hilo amelizoea, analisoma kwenye midomo yake kabla halijamalizika.

Jumatatu moja namba zilikwama arobaini na moja. Akainuka, akaandika arobaini na mbili. Alipogeuka, aliyekuwa anasimama na kadi ya namba hiyo ni mdogo wake, kambeba mwanawe wa mwisho aliyefungwa bendeji mkononi.

"Kafanya nini?" Fundi Sweta aliuliza kwa alama.

Mdogo wake aliona. Alijibu kwa mdomo, uso ameuelekeza dirishani, kisha akaingia kwa daktari.